Kompyuta Yawaka, Kioo Cheusi

Wasomaji wetu, neno "imekufa" ni jepesi sana katika vinywa vya watu. Mtu akibonyeza swichi ya kompyuta akaona kioo hakina picha, husema papo hapo ya kwamba mashine imekufa. Basi huikokota mpaka pembeni, na ikisha kufika pembeni hairudi tena mezani. Katika chumba chetu cha kompyuta pembe hiyo ilikuwa na mashine 5 mwanzoni mwa mwaka huu. Zilizobaki mezani zilikuwa 9, na mkondo mmoja wa Kidato cha Pili una wanafunzi zaidi ya 40. Kwa hiyo kila kibodi iligombewa na watoto wanne au watano, na yule aliyeketi kando hakugusa kitu kipindi kizima, akatoka kama alivyoingia. Katika kikao cha wazazi likazuka wazo la kuomba kibali ili zile 5 ziuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mimi niliomba nipewe muhula mmoja kwanza, nao wazazi wakakubali. Nimeonelea niandike hapa namna tulivyozichunguza, ili wanafunzi waweze kuifuata njia hiyo hata nikiwa sipo, na mzazi mwenye mashine kuukuu nyumbani au dukani kwake asije akaitupa ingali hai.

Yafaa kwanza tuelewe mambo yatendekayo tangu kidole kibonyeze swichi mpaka picha itokee. Lile sanduku la kompyuta wengi huliita "sipiyu". Jina hilo si lake, maana sipiyu hasa ni kile kipande kidogo kikaacho ndani, kiitwacho pia prosesa. Lakini nimechoka kuwasahihisha watu, na hata mafundi husema hivyo hivyo. Ndani ya sanduku mna chombo cha umeme kiitwacho pawa saplai. Kazi yake ni kuupokea umeme wa ukutani wenye nguvu ya volti 230 na kuugeuza uwe umeme mdogo wa volti 12, 5 na 3.3, ambao vipande vya ndani vyaweza kuustahimili. Umeme huo ukisha kutulia, prosesa huamka na kusoma maagizo machache yaliyohifadhiwa katika kijipande kilichobanwa juu ya ubao mkuu, ambao mafundi huuita mazabodi. Maagizo hayo huitwa BIOS, na katika mashine za miaka ya karibuni yamebadilishwa na mengine yaitwayo UEFI, lakini kazi yake ya kwanza ni ile ile. Huiamuru mashine ijikague. Je, ramu, yaani kumbukumbu, ipo na yafanya kazi? Je, chombo cha kutoa picha kipo? Mashine ikiridhika, ndipo huandika kitu cha kwanza juu ya kioo, mara nyingi jina la kampuni iliyoitengeneza. Baada ya hapo ndipo huiendea diski na kuitafuta Windows.

Angalia vizuri utaratibu huo, maana umebeba nusu ya somo hili. Windows imo katika diski, na diski hufuatwa mwishoni. Basi kama kioo ni cheusi tangu mwanzo, wala jina la kampuni halikutokea, Windows haihusiki hata kidogo. Nimewaona watu wakilipa fedha ili "wapigiwe Windows upya" katika mashine ambayo haikuwahi kufika mlangoni pa diski. Ni kama kumlaumu mpishi kwa chakula kibichi hali kuni hazijafika jikoni. Lakini ikiwa jina la kampuni laonekana, kisha kioo kinageuka cheusi, hapo habari ni nyingine: mara nyingi sanduku na kioo vyote ni vizima, na ubaya umo katika Windows au katika mipangilio ya picha. Mtu aweza kuwa ameiagiza mashine itoe picha kubwa kuliko kioo kiwezavyo kuonyesha, na vioo vingi vya zamani huandika kwa Kiingereza ya kwamba picha imepita kipimo. Katika mashine zenye Windows 7 na za nyuma yake, mtu hubonyeza F8 wakati wa kuwaka, akachagua kuanza kwa picha ndogo, kisha akarekebisha. Sitalieleza zaidi jambo hilo, kwa kuwa zile 5 zetu zote zilikuwa nyeusi tangu mwanzo.

Kabla ya kushika bisibisi, hapana budi niseme habari za hatari. Pawa saplai isifunguliwe na mwanafunzi wala na mwalimu, hata kama imechomolewa ukutani, maana ndani yake mna kapasita ziwezazo kuutunza umeme baada ya kuchomolewa. Ikiharibika hubadilishwa nzima. Vivyo hivyo vioo vya zamani vyenye kisogo kirefu kama televisheni za kale: ndani yake hupita volti maelfu, navyo visiguswe na asiye fundi. Tena nyuma ya pawa saplai nyingi kuukuu pana kiswichi kidogo chekundu kilichoandikwa 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Umeme wetu ni wa volti 230. Mashine ikiwa imetoka Marekani, ambako umeme wa nyumbani ni volti 120, kiswichi hicho huenda kikawa kwenye 115. Ukiichomeka hapa hivyo hivyo utasikia mlio mkali na kuona moshi, na mchezo umekwisha. Kwa hiyo kila mashine ya msaada ifikapo shuleni, jambo la kwanza ni kuinama nyuma yake na kusoma nambari hiyo. Mwisho, kabla ya kugusa vipande vya ndani, chomoa waya wa umeme, kisha shika chuma kitupu cha sanduku, ili umeme utulizao mwilini mwako ushuke. Wakati wa kiangazi, hewa ikiwa kavu, umeme huo wa mwilini waweza kuiharibu ramu bila wewe kuhisi chochote.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mashine isiyotoa picha yapaswa kuulizwa maswali matatu kwa utaratibu, wala usiruke hata moja. Je, kioo ni kizima? Je, sanduku liko hai? Na kama liko hai, ni kipande gani kinacholizuia lisiseme?

Kioo kina waya wake wa umeme na swichi yake, na watu husahau. Tazama kile kitaa chake kidogo. Kikiwa hakiwaki kabisa, tatizo ni umeme: jaribu waya mwingine, jaribu soketi nyingine, na usisahau ya kwamba plagi zetu za miguu mitatu zina fyuzi ndogo ndani, ambayo hukatika kimya kimya. Vioo vingi huwaka kitaa cha kijani au buluu vinapopokea picha, na cha rangi ya machungwa visipopokea. Njia nyepesi ya kukipima kioo ni hii: kiache kwenye umeme, lakini uchomoe kabisa waya wa picha nyuma ya sanduku. Kioo kizima hulalamika, yaani huandika ya kwamba hakioni waya au hakipati picha. Kikilalamika hivyo basi kina uhai, na lawama yahamia upande wa pili.

Waya wa picha nao uchunguzwe. Katika mashine kuukuu mara nyingi ni ule wa VGA, wenye kichwa cha buluu na pini 15 katika safu tatu. Mtindo huo ulitolewa na kampuni ya IBM mwaka 1987, na bado umo katika shule na ofisi nyingi. Pini zake ni nyembamba, na mtu akiusukuma waya kwa nguvu bila kutazama, moja hupinda. Itazame kwa nuru, uinyoshe taratibu kwa ncha ya bisibisi ndogo. Lakini usishtuke ukiona pini moja ya safu ya kati haipo. Katika nyaya nyingi pini ya 9 huachwa makusudi. Mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu alikuja kwangu mbio akisema waya una kasoro, nami nikampa nyingine mbili mpya atazame. Zote zilikuwa na pengo pale pale.

Kisha yako mashine yenye soketi mbili za picha nyuma yake, moja iliyo juu pamoja na soketi za kibodi, na nyingine chini iliyo peke yake, imelala kwa ubapa. Hiyo ya chini ni ya kadi ya picha iliyoongezwa. Mashine nyingi zikiona kadi hiyo huizima soketi ya juu. Mtu akihamisha meza na kuchomeka waya juu, kioo hubaki cheusi hata milele, na mashine haina ugonjwa wowote. Mashine yetu ya kwanza katika zile 5 ilikuwa na maradhi hayo tu. Ilikaa pembeni miaka miwili. Tuliiponya kwa kuuhamisha waya shibiri moja kwenda chini.

Swali la pili ni kama sanduku liko hai. Watu hutegemea feni: wakisikia feni yavuma husema mashine yafanya kazi. Feni si ushahidi. Feni huzungushwa na umeme tu, wala haihitaji akili. Ushahidi ulio bora umo katika kibodi. Washa mashine, ngoja dakika mbili, kisha bonyeza kitufe cha Num Lock mara kadhaa. Taa yake ikiwaka na kuzima kila ubonyezapo, basi mashine inakusikia na kukujibu, hata kama huioni. Na hapa nitasimulia habari ya mashine ya ofisi ya taaluma, ambayo haikuwa katika zile 5, lakini ndiyo iliyotutia hofu kuliko zote.

Mwezi wa Machi, asubuhi moja, mashine hiyo ilikuwa na kioo cheusi. Ndani yake zilikuwamo alama za upimaji za Kidato cha Nne, ambazo zilipaswa kupelekwa ndani ya wiki ile, na nakala ya karatasi ilikuwa ya nusu ya masomo tu. Mwalimu wa taaluma, ambaye ni mtu mzima kuliko mimi na si mwepesi wa kubabaika, alinijia akaniambia, "Mwalimu, watoto 112 wamo katika sanduku lile." Fundi mmoja wa mjini alikwisha kuitwa. Aliitazama kwa muda mfupi, akasema diski imeungua, na ya kwamba kuziokoa alama kungetaka fedha ambazo shule haikuwa nazo, tena kungechukua siku kumi. Ninyi mliosoma hapo juu mnaona mara moja kasoro ya maneno yale. Diski iliyoungua haikizuii kioo kuonyesha jina la kampuni.

Nilikwenda na wanafunzi wawili wa klabu ya kompyuta. Tuliwasha, tukangoja. Msichana mmoja akabonyeza Num Lock, taa ikawaka. Akabonyeza tena, ikazima. Akaniambia, "Mwalimu, hii haijafa. Inanisikia." Tukatazama kitaa cha kioo, kilikuwa cha kijani, maana yake kioo kilikuwa kikipokea picha. Basi tukafunga mapazia ya ofisi, nikawasha tochi na kuielekeza kwenye kioo kwa upande. Ndani ya ule weusi ilionekana picha hafifu kama maandishi chini ya maji: kile kisanduku cha kuandikia neno la siri. Kioo kilikuwa kikichora kila kitu barabara. Ila taa zikaazo nyuma yake, ambazo ndizo zimulikazo picha, zilikuwa zimezimika. Vioo bapa vya zamani hutumia taa nyembamba za mirija, nazo huchakaa kama taa nyingine yoyote. Tulichukua kioo kutoka chumba cha kompyuta, tukakichomeka, na alama zote zilikuwa mahali pake. Mwalimu wa taaluma alizinakili katika flashi mbili kabla hajaketi. Moja i katika sefu ya Mkuu wa Shule mpaka leo.

Basi jaribio la tochi nalipenda kuliko majaribio yote, kwa kuwa halihitaji chombo ambacho hakimo nyumbani.

Turudi pembeni kwetu. Zilibaki mashine 4, na katika 3 feni zilivuma lakini Num Lock haikujibu. Hapo sanduku lina umeme, lakini halijikagui likamaliza. Mshukiwa wa kwanza ni ramu. Ramu ni vibao vyembamba vilivyosimamishwa wima katika mifereji, na upande wa chini vina meno ya rangi ya dhahabu. Shule yetu yapakana na barabara ya vumbi, na chumba kile kilikuwa hakina vioo vya madirisha kwa muda mrefu. Tulipofungua masanduku tulikuta vumbi jekundu lenye unene wa blanketi, mayai ya mjusi, na katika moja nyigu wamejenga nyumba ya udongo ndani ya tundu la feni. Vumbi kama hilo, likichanganyika na unyevu wa masika, huingia kati ya meno ya ramu na mfereji wake, na umeme mdogo namna ile hauwezi kupenya. Ndiyo sababu watu wengine hulipiga sanduku kofi na mashine ikawaka. Kofi limetikisa ramu kidogo. Lakini leo itawaka, kesho itagoma, na keshokutwa utaivunja diski.

Fanya hivi. Chomoa waya wa umeme, bonyeza swichi ya kuwashia kwa sekunde 30 ili umeme uliobaki uishe. Ondoa vumbi kwa brashi kavu ya rangi, hali ukiizuia feni kwa kidole isizunguke. Fungua vishikizo vya pembeni, toa ramu, sugua meno yake taratibu kwa raba ya kufutia penseli, kisha pangusa kwa kitambaa kikavu. Usitumie msasa, maana ile dhahabu ni utando mwembamba sana. Wala usitumie mate, ingawa nimeona mtu mzima akifanya hivyo. Rudisha ramu moja tu, uisukume mpaka vishikizo vijifunge vyenyewe kwa mlio. Washa. Ikigoma, hamishia mfereji wa pili. Ikigoma tena, jaribu ramu nyingine peke yake. Wala usiazime ramu ya mashine yoyote uionayo. Ramu za DDR2 na DDR3 zote zina meno 240, lakini pengo la katikati haliko mahali pamoja, na mwenye nguvu nyingi kuliko akili aweza kuivunja soketi akidhani yataka kusukumwa tu.

Kuna jaribio lingine ambalo laonekana kama wazimu, nalo ni kutoa ramu zote kabisa na kuiwasha mashine bila hata moja. Ikiwa ina spika yake ndogo ya ndani, italia: milio ya kulalamika ya kwamba haina kumbukumbu. Furahi ukiisikia, maana aliyelalamika ni prosesa akisoma BIOS, na kwa hiyo prosesa na mazabodi vyote vina uhai. Ukimya kamili hukupeleka mbele zaidi. Milio hiyo ina maana zake, na kila mtengenezaji ana lugha yake. Katika BIOS nyingi za Award mlio mmoja mrefu na miwili mifupi huelekeza kwenye chombo cha picha. Katika zile za AMI milio minane hufanya hivyo. Mashine nyingine hazilii ila huwasha taa: baadhi ya zile za OptiPlex zina vitaa vinne vyenye nambari 1 hadi 4, na mpangilio wake ndio ujumbe. Andika ulichokiona kabla hujazima.

Mashine mbili kati ya zile 3 ziliwaka baada ya raba peke yake. Mojawapo saa yake ilionyesha mwaka 2009, kwa kuwa ile betri bapa ya CR2032 yenye volti 3, ambayo huitunza saa na mipangilio ya BIOS, ilikuwa imekwisha. Tulinunua mpya. Betri hiyo yafaa itolewe kwa dakika chache hata kama si mbovu, waya wa umeme ukiwa nje, maana kwa kufanya hivyo mipangilio iliyovurugika hufutika katika mashine nyingi, na mara nyingine picha hurudi.

Mashine ya tatu haikujali raba. Tukaipunguzia mizigo: tukachomoa diski, kisomeo cha CD, kadi ya mtandao, tukaacha prosesa, ramu moja na kioo. Hapa nawasihi jambo moja. Badili kitu kimoja, washa, andika daftarini, kisha ndipo ubadili kingine. Mtu abadilishaye vitu vitatu kwa pamoja, hata mashine ikipona, hajui ni kipi kilichoiponya, na kwangu mimi hajatengeneza kitu. Katika kuchomoa na kuchomeka tulikuta plagi ndogo ya mraba yenye nyaya nne karibu na prosesa imening'inia nje ya mahali pake. Hiyo ndiyo iletayo volti 12 za prosesa. Plagi kubwa ya mazabodi ilikuwa imechomekwa, kwa hiyo feni zilizunguka na kila kitu kilionekana kizuri, lakini prosesa haikuwa na chakula. Nani aliichomoa, na kwa nini, hatujui. Ilipochomekwa picha ikatokea, na ikapotea tena baada ya robo saa.

Ya mwisho katika zile 4 haikuwa na hata feni. Ukibonyeza swichi, kimya. Soketi ilikuwa nzima na waya pia. Tukaifungua, tukamulika mazabodi kwa tochi, na jibu lilikuwa wazi. Kapasita ni vile vikopo vidogo vinavyosimama karibu na prosesa, na vichwa vyake hupaswa kuwa bapa kabisa. Vyetu sita vilikuwa vimevimba kama maandazi, na viwili vilitoa ute wa kahawia uliokauka. Ugonjwa huu ulienea sana ulimwenguni katika mashine zilizotengenezwa kati ya mwaka 1999 na 2007 hivi, kwa sababu kapasita nyingi za miaka ile zilitiwa maji mabaya, zikavimba kabla ya wakati wake. Fundi mwenye kutumia chuma cha kulehemu aweza kuzibadili, lakini kwa mazabodi ya umri ule gharama haina maana. Mashine hiyo tuliandika imekufa, na hiyo ndiyo peke yake iliyostahili neno hilo. Hata hivyo hatukuitupa. Diski yake ilipochomekwa katika mashine nyingine ilisomeka yote, na ndani yake tulikuta mitihani ya majaribio ya Hisabati ya miaka minne ambayo mwalimu wake alikwisha kuisahau. Ramu zake mbili, feni na kibodi vi katika kabati, kila kimoja katika bahasha yenye maelezo.

Mzazi mmoja aliniuliza, na swali lake ni la haki, kama mashine kuukuu namna hizi zastahili taabu hii. Nilimjibu ya kwamba nyingi zaendeshwa na Windows 7, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020. Kwa hiyo sizipeleki kwenye intaneti, wala sitaki mtu afanyie mambo ya benki humo. Lakini kuchapa barua, kupanga hesabu katika jedwali, na kuandika programu ya kwanza, mtoto hahitaji zaidi ya hayo mashine inayoweza. Gharama yetu muhula mzima ilikuwa betri moja, brashi moja na raba mbili, ambazo moja iliibiwa.

Sasa meza zina mashine 12, na mkondo wa watu 40 waketi watatu au wanne kwa kibodi moja. Ile inayopoteza picha baada ya robo saa bado haijajulikana. Huwaka vizuri asubuhi, huzimika kioo ikipata joto, na ikipumzishwa hurudi. Ramu tumebadili, kioo tumebadili, na kapasita zake kwa macho ni bapa. Mimi naishuku pawa saplai, lakini wanafunzi wawili wa Kidato cha Tatu wanashikilia ya kwamba ni ule mchanganyiko mweupe ulio kati ya prosesa na chuma cha kuipoza, ambao umekauka. Jumamosi ijayo baada ya usafi tutajaribu la kwao kwanza, kwa kuwa ni rahisi zaidi. Mwenye tochi nzuri aje nayo.